Requiem ya Howells haikuandikwa kwa ajili ya msiba
Hapana ndugu, hiyo hadithi kwamba Herbert Howells, mtunzi wa muziki Mwingereza, aliitunga Requiem (muziki wa kuwaombea marehemu) akimlilia mwanawe imeenea sana, ila tarehe zinaikataa. Aliiandika 1932. Mtoto, Michael, alifariki 1935 kwa polio akiwa na miaka tisa tu.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba baada ya msiba alichukua sehemu za Requiem akazitumia kwenye Hymnus Paradisi, kazi kubwa ya kwaya, okestra na waimbaji wawili wanaoimba peke yao. Hiyo ndiyo ya Michael. Akaifungia kabatini miaka mingi, hadi 1950 ilipoimbwa Gloucester, Uingereza. Requiem yenyewe ilichapishwa miaka ya 80 mwanzoni, ndiyo maana watu walizichanganya.

Kama unataka kuanza kusikiliza, anza na Requiem. Haina ala hata moja, ni sauti tupu, na ndani yake kuna Zaburi ya 23 na ya 121 kwa Kiingereza. Zile sehemu mbili za "Requiem aeternam" (Kilatini, "pumziko la milele") zisikilize usiku, taa zimezimwa. Sauti zinapandiana polepole mpaka hujui ipi imeanza wapi. Kwangu mimi inaishinda hata Hymnus, ingawa wengi watanibishia.