Kabla ya kuhamia seva za Arm, piga hesabu kwa ombi, si kwa saa

Bei ya kukodi seva kwa saa ndiyo inayowaponza wengi. Mtu anaona mashine yenye chipu ya aina ya Arm ni nafuu kwa asilimia 20 kuliko ndugu yake wa x86, aina ya chipu za Intel na AMD, anahamisha kila kitu, kisha bili ya mwezi inashuka kidogo tu au inapanda. Saa si kipimo cha kazi; kipimo ni ombi, yaani kila mara mtumiaji anapoitaka seva imjibu.

Chukua mfano wa kubuni. Mashine ya x86 inagharimu 100 na inahudumia maombi 1,000 kwa sekunde bila kuchelewa kupita kiasi. Ya Arm inagharimu 80. Ikihudumia maombi 900, kila maombi 1,000 yanakugharimu takriban 89, kwa hiyo umeokoa asilimia 11 na si 20. Ikihudumia 750, umefika 107 na umepata hasara. Namba hizo za maombi utazipata kwa kupima programu yako mwenyewe. Majaribio ya wauza chipu hayakusaidii sana hapa.

Kwa miaka mingi chaguo lilikuwa Xeon ya Intel au EPYC ya AMD, na zote ni x86, hivyo kubadilisha hakukuhitaji kugusa programu. AWS, huduma ya seva za kukodi ya Amazon, ilitoa chipu yake ya Arm, Graviton ya kwanza, Novemba 2018, chipu dhaifu kusema kweli. Ni Graviton2 ya 2020 iliyowafanya watu wahamishe kazi nzito. Sasa Google ina Axion, Microsoft ina Cobalt 100, na Oracle inakodisha mashine za Ampere.

Kabla ya kupima, andika amri ya Linux ya lscpu kwenye kila mashine na utafute mstari wa Thread(s) per core. Ukisoma 2, kama ilivyo kwenye mashine nyingi za Intel, vCPU moja, yaani kichakataji pepe unachokodi, ni uzi mmoja tu (mkondo mmoja wa kazi), na vCPU mbili zinagombania kori moja, sehemu ya chipu inayofanya kazi yenyewe. Ukisoma 1, kama kwenye Graviton, vCPU ni kori nzima. Hapo ndipo watu wanapodanganyika: mashine yenye nyuzi mbili kwa kori ikionyesha matumizi ya asilimia 50, haina nusu ya nguvu iliyobaki. Kori zote zinaweza kuwa tayari zina kazi, na kuanzia hapo kila ombi jipya linawachelewesha wenzake. Kwa hiyo ongeza mzigo hatua kwa hatua hadi muda ambao asilimia 99 ya maombi hujibiwa ndani yake uvuke kikomo ulichojiwekea, uandike idadi ya maombi hapo. Na usidhani kila x86 iko hivyo: familia ya m7a ya AWS inatumia AMD, na vCPU yake pia ni kori nzima.

Kuhama kwenyewe, anza na hifadhidata na keshi (hifadhi za muda za data) zinazosimamiwa na mtoa huduma. Huko hakuna msimbo wako, unabadilisha aina ya mashine tu.

Kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na kila zinachohitaji, zina mtego wake. Ukiona ujumbe wa kosa exec format error, kuna faili la x86 limeingia kwenye mashine ya Arm. Mara nyingi si programu yako. Ni wakala wa ufuatiliaji anayekimbia pembeni, au mstari mmoja ndani ya Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga kontena) unaopakua zana kwa anwani yenye neno amd64, jina jingine la x86. Tafuta neno hilo kwenye hazina nzima ya msimbo kabla ya jambo lingine. Kisha jenga imeji (vifurushi ambavyo kontena huanzishwa navyo) za aina zote mbili kwa docker buildx build --platform linux/amd64,linux/arm64, lakini ujenzi wa Arm ufanyike kwenye mashine halisi ya Arm. Ukiigiza chipu ya Arm kwa programu ya QEMU utasubiri mpaka uchoke. Kwa Python, hakikisha kila maktaba yenye msimbo wa kukompailiwa ina kifurushi chenye aarch64, jina jingine la Arm, kwenye jina. Kisipokuwepo, pip, kisakinishi cha maktaba hizo, hujaribu kukompaili kutoka mwanzo, na imeji ndogo isiyo na kompaila inakwama hapo hapo.

Makosa hayo angalau yanapiga kelele. Yanayotisha ni ya kimya. Katika lugha ya C, char (namba ndogo ya baiti moja) isiyotajwa aina kwenye Linux ya Arm haina alama ya hasi, kwenye x86 inayo. Ukilinganisha na -1, sharti halitimii kamwe. Kubwa zaidi ni mpangilio wa kumbukumbu. Uzi mmoja wa programu unaandika data, kisha unainua bendera ya "tayari". Kwenye x86 kori nyingine huziona kwa mpangilio huo huo. Arm inaruhusu bendera ionekane kabla ya data, na msomaji anachukua takataka mara moja kati ya mamilioni. Kosa lilikuwepo siku zote, x86 ilikuwa inalifunika. Tumia atomiki zenye release na acquire, zinazolazimisha mpangilio huo, na uendeshe majaribio kwa -fsanitize=thread, chaguo la kompaila linalonasa makosa ya aina hii.

Kuna kazi za kuziacha zilipo: Windows Server, programu za leseni ambazo mtengenezaji hana toleo la Arm, na hesabu zilizoandikwa kwa mkono kwa AVX-512, amri maalumu za chipu za x86.

Zilizobaki, zipeleke kidogo kidogo. Weka mashine za Arm nyuma ya kigawa mzigo kile kile, zipe asilimia 5 ya maombi kwa wiki moja, na kwenye Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena, tumia lebo ya kubernetes.io/arch ili kontena isiyo na imeji ya Arm isitumwe huko. Angalia pia mkataba wa punguzo: kama umejifunga mwaka 1 au 3 kwa familia fulani ya x86, utaendelea kuilipia hata ikikaa bure.

Imeji za amd64 endelea kuzijenga hata baada ya kuhama. AMD na Intel hawajalala, na kizazi kijacho kikishinda kwa hesabu ya ombi, kurudi kutakuwa kazi ya mchana mmoja.