Unaleta mgonjwa Delhi? Angalia kwanza mavuno ya mpunga

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa kumi naanza kupokea meseji za ndugu, na za marafiki wa ndugu, wana mgonjwa wanamleta huku India, wanaulizia gesti ya bei nafuu, wapi watapata sembe, daktari gani mzuri. Hewa hakuna anayeuliza. Na kama mgonjwa ana pumu au shida ya moyo hilo ndo la kwanza kuuliza, kwa iyo naandika hapa mara moja niwe natuma linki tu.

Iko hivi. Majimbo ya Punjab na Haryana, juu ya Delhi upande wa kaskazini magharibi, wanalima mpunga afu ngano kwenye shamba lile lile. Mpunga unavunwa kuanzia mwishoni mwa Septemba mpaka Novemba, ngano nayo inatakiwa iwe imeshapandwa katikati ya Novemba hivi, yani mkulima ana wiki mbili tatu tu za kusafisha shamba. Kombaini ikishapita inaacha mabua yamesimama, kuyatoa kunataka mashine na dizeli na vibarua, na kiberiti ni bei ya bure, kwa iyo wanayachoma. Afu kuna sheria ya Punjab ya 2009 iliyokataza kuhamishia miche shambani mapema ili kuokoa maji ya ardhini, nia nzuri kabisa, ila imesogeza mavuno mbele mpaka moshi unaangukia kwenye baridi. Sisi tungesema si wape ng'ombe, nilimuuliza hivyo mwanafunzi mwenzangu wa Ludhiana, mji wa huko Punjab, akacheka, anasema kwao ng'ombe wanakula mabua ya ngano, ya mpunga yana silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, hawayataki.

Sasa baridi ikianza, hewa nzito ya baridi inalala chini na ya joto inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Upepo wa kaskazini magharibi unasukuma moshi wa kule, Ludhiana tu ni kama kilomita 300, unakuja unakuta Delhi ina moshi wake tayari wa magari, viwanda, vumbi la ujenzi na fataki za Diwali. Upande wa Pakistan nako hivyo hivyo, Novemba 2024 Lahore kipimo cha uchafu wa hewa, AQI, kilipita 1,000, wakati hapa India ukifika 401 tu wanasema hali mbaya kabisa.

Ila msiwabebeshe wakulima kila kitu jamani. Siku mbaya moshi wa mashamba unaweza kufika theluthi ya PM2.5 ya Delhi (zile chembe ndogo sana za uchafu hewani zinazoingia mpaka ndani ya mapafu) au zaidi, siku nyingine ni asilimia chache tu. Na takwimu za serikali zinaonyesha mioto ya Punjab imepungua sana tangu 2023 lakini hewa haijapona kwa kiasi hicho, Desemba na Januari hakuna anayechoma mpunga na watu bado wanakohoa.

Kwa iyo ushauri wangu: kama matibabu yanaweza kusubiri, njoo Februari au Machi, au wahi kabla Septemba haijaisha. Kama hayasubiri na mgonjwa ni wa kifua, uliza kama hospitali za Chennai zinafanya hiyo huduma, huko ni kusini kwenye bahari na moshi wa Punjab haufiki. Dharura ni dharura lakini, mlete tu hata kama ni Novemba.

Mkishafika, weka kwenye simu programu ya serikali inaitwa Sameer, inaonyesha AQI ya kila kituo. Mimi naangalia pia ramani ya moto ya NASA, ni bure, nikiona Punjab imejaa madoa mekundu na upepo unatoka huko basi najua kesho au keshokutwa tumekwisha. Shirika la Afya Duniani linataka PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 24, hapa Novemba kupita 200 ni kawaida tu. Barakoa iwe N95, ile ya kitambaa inazuia vumbi la barabarani ila hizi chembe ndogo za PM2.5 zinapita. Kutembea mchana, sio alfajiri, najua mama zetu wanapenda kuamka na kunyoosha miguu kabla jua halijatoka lakini saa hizo ndo hewa mbaya kuliko zote. Inhela na dawa za pumu zikae kwenye begi la mkononi.

Sehemu inayosahaulika ni gesti. Hospitalini mtakaa siku chache, baada ya hapo mnasubiri kliniki ya marudio kwenye chumba cha dirisha bovu kinachotazama barabara. Ombeni chumba cha nyuma, ulizeni kama wana mashine ya kusafisha hewa, zipo hata za kukodi kwa mwezi. Na tafadhali msichome udi humo ndani, shangazi yangu tuligombana naye kwa hilo mpaka daktari akaingilia.