Kisiwa Kimetoweka, Avata Imebaki Wingu: Maswali Yenu ya Second Life

Wiki hii barua nyingi zimetoka Dodoma mjini, na mbili kutoka wilayani. Kwa msomaji mpya: Second Life ni dunia ya mtandaoni iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani, Juni 2003. Unaingia kwa umbo lako, yaani avata, unajenga, unauza, unanunua au kupanga ardhi kwa fedha ya humo iitwayo dola ya Linden. Ardhi imegawanywa katika kanda za mita 256 kwa 256. Fedha inayonunua ardhi hiyo hutoka kwenye mifuko ya watu halisi, ndiyo maana nimeanza na barua iliyoniuma kuliko zote.

*Mama, nilipanga robo ya kisiwa kwa ajili ya duka langu la nguo za avata. Nililipa miezi minne mbele kwa sababu mwenye kisiwa alinipa punguzo. Jumatatu nimeingia, kisiwa hakipo hata kwenye ramani. Yeye hajibu ujumbe. Ardhi niliinunua kabisa, kwenye maelezo ya kiwanja jina langu liliandikwa kuwa ndiye mmiliki. Nimshtaki wapi? — Ilazo*

Pole sana, mwanangu. Kwanza fungua mkoba wako wa vitu, tazama kwenye folda ya vilivyopotea na kurudishwa. Kama mwenye kisiwa aliondoa vitu kabla ya kuzima, vitakuwa humo. Kisha andikia Linden Lab, utaje jina la kanda na siku uliyoiona mara ya mwisho. Fanya hivyo leo, ila usiweke matumaini makubwa kuhusu kodi. Ugomvi wa mpangaji na mwenye kisiwa, Linden Lab hawauingilii.

Sasa hilo la jina lako. Wewe ni mtu wa Dodoma, nikikupa mfano wa nyumbani utanielewa upesi. Tangu 1973 mpaka Mei 2017 ardhi ya mji huu ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Hati kuu ilikuwa ya Mamlaka. Mwananchi alipewa hati ya miaka 33 iliyokaa chini ya ile kuu. Wazee wetu walijua hilo vizuri: kabla ya kuangalia karatasi yako, angalia karatasi iliyo juu yake.

Visiwa vya watu binafsi ndivyo vilivyo. Anayetambuliwa na Linden Lab ni mmoja tu, yule anayelipia kanda nzima kila mwezi kwa dola za Marekani. Anaweza "kukuuzia" kiwanja, na jina lako likaandikwa kuwa mmiliki, lakini ana uwezo wa kukichukua wakati wowote, na asipolipa yeye kanda yote inazimwa, wewe uliyelipa ukiwemo. Hapa nyumbani una Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya pa kupeleka lalamiko lako. Kule hakuna baraza.

Wapo waliojaribu mahakama. Mwaka 2006 mwanasheria wa Pennsylvania aitwaye Marc Bragg aliishtaki Linden Lab pamoja na mwanzilishi wake, Philip Rosedale, baada ya akaunti yake kufungwa na ardhi yake kuchukuliwa. Kampuni ilidai kiwanja kimoja alikipata kwa njia isiyo halali kwenye mnada. Tarehe 30 Mei 2007 Jaji Eduardo Robreno alikataa kumlazimisha Bragg apeleke shauri kwa wasuluhishi, akaona masharti ya kampuni yalikuwa yamelalia mno upande mmoja. Huo ulikuwa ushindi wa maana. Lakini mwaka huohuo pande mbili zikapatana nje ya mahakama, na swali la nani hasa mwenye ardhi ya mtandaoni likabaki bila hukumu. Masharti ya siku hizi yanasema waziwazi kwamba unachopewa ni leseni ya kutumia.

Ukipanga tena, fungua dirisha la "About Land", nenda kwenye ukurasa wa masharti ya kisiwa, usome jina la mwenye kisiwa. Liwe ni lilelile la mtu unayempa fedha. Likiwa tofauti, muulize kwa nini, na asipoeleza vizuri, ondoka. Halafu lipa kwa wiki. Najua sisi tumezoea kumlipa mwenye nyumba miezi sita mbele, na punguzo linavutia, lakini mtu huyu hujui anakaa wapi. Vitu visivyoruhusu kunakiliwa usiviache kwenye ardhi ya mtu. Viweke mkobani, na ardhini utandike vile tu ambavyo nakala yake unabaki nayo.

*Shikamoo mama. Avata yangu ni wingu tangu juzi. Wenzangu wananiona wingu, na mimi mwenyewe najiona wingu. — Mwanafunzi, Nkuhungu*

Marahaba. Bonyeza Ctrl, Alt na R kwa pamoja, usubiri dakika mbili bila kugusa kitu. Ikikataa, vua vyote uvae mojawapo ya avata zilizotengenezwa tayari kwenye menyu, kisha urudie mavazi yako kipande kimoja kimoja. Mara nyingi kuna kimoja, ngozi au nywele, ambacho hakikufika kikamilifu. Kufuta kache, yaani data ambayo programu imeihifadhi kwenye laptopu, kuwe hatua ya mwisho, maana baada ya hapo laptopu itapakua upya kila kitu unachokiona, na bando litakwenda.

*Naishi Nzuguni. Kila jioni nikitembea narudishwa nyuma, milango inafunguka baada ya kuhesabu hadi kumi. Fundi ananiambia ninunue kompyuta mpya. Ninunue?*

Usinunue bado, kaka yangu. Neno "inakwama" hubeba magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Ukiwa ndani, bonyeza Ctrl, Shift na 1. Litatokea dirisha la takwimu. Soma mistari minne tu.

Anza na ule wa picha kwa sekunde. Ukiwa chini ya 15 na mingine ni mizuri, kompyuta ndiyo inayolemewa. Hata hapo, kabla ya kwenda dukani, punguza umbali wa kuona kutoka mita 128 hadi 64. Umbali ukipungua nusu, eneo ambalo kompyuta inalichora linabaki robo. Punguza pia idadi ya avata zinazochorwa kwa ukamilifu. Nimeona laptopu za zamani zikifufuka kwa hayo mawili.

Kisha tazama mwendo wa saa wa kanda, "Time Dilation". Unatakiwa kuwa karibu na 1. Ukishuka hadi 0.6, kanda yenyewe imezidiwa na watu au programu ndogo zilizowekwa na wenyeji, na hakuna unachoweza kufanya ukiwa Nzuguni zaidi ya kuhamia kanda nyingine.

Mistari miwili iliyobaki ni pingi, yaani milisekunde ambazo ujumbe hutumia kwenda kwenye seva na kurudi, na vifurushi vinavyopotea, yaani vipande vya data visivyofika (si vifurushi vya bando). Hapa watu wengi wanajitesa bure, wakiona pingi ya 300 wanadhani wamerogwa. Seva za Second Life ziko Oregon, magharibi mwa Marekani. Kutoka Dodoma hadi huko, hata ungepita moja kwa moja kama ndege, ni kama kilomita 15,000. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 150 zisizopunguzika. Na mkongo hauendi moja kwa moja. Unashuka Dar es Salaam, unaingia baharini, unazunguka mabara. Pingi ya 300 kwa mtu wa hapa ni afya njema.

Kinachokurudisha nyuma ni vifurushi vinavyopotea. Namba hiyo iwe sifuri. Ikifika asilimia 2 au 3 jioni tu na asubuhi ikawa safi, basi mtandao wa mtaani kwako unabanwa na watumiaji wengi. Ingia kwenye mipangilio, ushushe kikomo cha kasi ya mtandao hadi 1,000 au hata 500, ili seva isikumiminie data kuliko njia inavyobeba. Waya kutoka kwenye rauta ni bora kuliko Wi-Fi. Na kuna siku tatizo liko mbali kabisa: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na nchi nzima intaneti ikasuasua. Siku kama hiyo funga laptopu, ukafanye mengine.

*Tuko watano, tulinunua kiwanja cha mita za mraba 1,024 bara (yaani ardhi ya Linden Lab wenyewe, si kisiwa cha mtu binafsi), tukaunda kikundi na kuanza kujenga mfano wa mnada wa Msalato: vibanda, majiko ya nyama, hata ng'ombe. Kila tukirudi, vibanda vyangu viwili havipo. Vya mwenyekiti vipo. Tumeanza kutazamana vibaya. — Kikuyu*

Msitazamane vibaya! Hakuna mwizi hapo. Kiwanja chenu kimewekewa muda wa kurudisha vitu vya wageni. Mwenyekiti alipojenga alikuwa amevaa lebo ya kikundi, wewe hukuivaa, na ardhi inakuhesabu mpita njia. Vibanda vyako viko kwenye folda ya vilivyorudishwa. Vaa lebo ya kikundi kabla ya kuvitoa tena. Kama vimeshasimama, bonyeza kulia juu ya kila kimoja, hariri, uchague kikundi chenu kwenye ukurasa wa mwanzo. Muda wa kurudisha vitu msiuondoe, maana unawakinga na takataka za wapita njia.

Jueni pia kwamba kiwanja cha 1,024 bara kinabeba uzito wa vitu 351 tu. Ng'ombe mmoja aliyechongwa bila uangalifu anaweza kumeza 40. Angalieni uzito kabla ya kununua kundi zima.

Na kwa kuwa ninyi ni watano, nina jambo ambalo hamkuuliza. Ardhi ikishakabidhiwa kikundi, haimjui tena aliyetoa fedha, inajua vyeo. Yeyote mwenye ruhusa ya kuuza ardhi ya kikundi anaweza kuiuza usiku mmelala. Mwenye cheo cha juu kabisa, cha umiliki wa kikundi, hawezi kuvuliwa na mwenzake mpaka ajiuzulu mwenyewe. Kwa hiyo cheo hicho wapeni wawili mnaowaamini kwelikweli, si mmoja, na si wote watano. Wengine wapewe ruhusa ya kujenga na kurudisha vitu. Kaeni chini mlizungumze hili sasa wakati mnacheka pamoja. Nimeona marafiki wa miaka wakiachana kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichowekwa alama bila kufikiri.

*Nilitaka kuhamisha kiwanja kwenda kwenye avata yangu ya pili. Nikaweka bei ya dola 1 ya Linden. Kabla sijafungua akaunti ya pili, kimenunuliwa na mtu nisiyemjua. — Mpwapwa*

Uliacha kiuzwe kwa yeyote. Kuna avata zinazoendeshwa na programu, kazi yake ni kupekua orodha ya viwanja siku nzima na kunyakua vya bei ya makosa, na zina kasi kuliko mkono wa binadamu. Andikia msaada wa Linden Lab saa hii, utaje kanda, ukubwa, bei na muda, na mwandikie pia mnunuzi kwa heshima, maana wapo wanaorudisha. Siku nyingine, kwenye dirisha la kuuza, chagua kumuuzia mtu maalumu, uandike jina la avata yako ya pili. Hapo hata bei ikiwa sifuri hakuna mwingine anayeweza kukigusa.

*Niliuza ardhi yangu yote ya bara tarehe 3. Mbona kadi yangu imekatwa ada ya ardhi tena? — Area D*

Kwa sababu mbili, dada yangu. Ada ya bara hukokotolewa kwa kiasi kikubwa kabisa cha ardhi ulichowahi kushika ndani ya mwezi uliopita, hata kama ulikishika siku moja. Na kuuza ardhi hakushushi daraja la ada. Daraja unalishusha mwenyewe kwenye ukurasa wa akaunti yako. Lishushe leo, makato yajayo yatakuwa sahihi. Anayepanga kuuza, auze siku kadhaa kabla ya tarehe yake ya makato.

*Kwenye hosteli naingiza nywila vizuri, inapakia karibu yote, inagota mwishoni kwenye kuunganisha na kanda. Nyumbani Kongwa kwa simu inakubali.*

Umeshajijibu: mtandao wa hosteli unafungua kurasa za kawaida, lakini unazuia mawasiliano ya UDP, aina ya usafirishaji wa data ambayo Second Life inaitegemea. Muombe msimamizi wa mtandao ayaruhusu. Akikataa, tumia hotspoti ya simu. Usisakinishe programu upya, haina kosa.

*Umeme ulikatika nikiwa ndani. Niliporudi, mkoba uliokuwa na vitu 9,000 unaonyesha 2,300. Nguo nilizolipia zimekwenda? — Chang'ombe*

Hazijaenda popote. Mkoba wako unatunzwa kwenye seva. Kwenye laptopu kuna orodha yake tu, na orodha hiyo huharibika mashine ikizimika ghafla. Nenda kwenye kanda tulivu isiyo na watu, toka, uingie tena. Fungua mkoba, andika herufi moja kwenye sehemu ya kutafuta, uone namba ikipanda. Iache ipande mpaka isimame, hata ikichukua robo saa. Ikigoma katikati, futa kache ya mkoba peke yake, uingie upya. Na mpaka namba irudi, usinunue tena kitu chochote ulichokwisha kukilipia.