Maswali ya wasomaji: Karatasi za wenye watumwa, tuziamini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Naishi Columbus, Ohio, mwanangu yuko darasa la nane, wamepewa homuweki ya historia wasome karatasi za zamani halafu waseme, kabla ya ile vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, mtu mweusi alikuwa raia wa Marekani au hakuwa. Nimezipitia naye: hukumu ya mahakama, sensa, matangazo ya kusaka watumwa waliotoroka. Zote wameandika wazungu! Mtoto ananiuliza, mama, si hawa hawa ndio waliodhulumu, sasa tunawaamini vipi? Nikabaki kimya. Nisaidie. (Mama wa Columbus)

JIBU: Marahaba mama, na huyo kijana mpe hongera. Mwambie asiwaamini, ila awasome. Mwenye watumwa hakuandika ili sisi tupate historia, aliandika kwa sababu kuna mali anaihesabu au imempotea anaitaka, na mtu akihesabu mali yake mwenyewe huwa yuko makini mno, anaandika mpaka vitu ambavyo angejua tutavisoma leo angevifuta.

Chukua Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, akatoroka, akawa mwandishi na mpinga utumwa maarufu. Mzee yule amekufa 1895 hajui alizaliwa lini hasa, akikisia 1817. Kumbe jibu lilikuwa kwenye daftari la Aaron Anthony, bwana wake wa utotoni: Frederick Augustus, mtoto wa Harriet, Februari 1818. Hakuandikwa kwa mapenzi, aliandikwa kama mfugaji anavyoandika ndama. Lakini ndiyo karatasi pekee iliyompa mwezi na mwaka wake.

Au Thomas Jefferson, rais wa baadaye, huyu aliyekuja kuandika kwenye tangazo la uhuru wa Marekani la 1776 kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Mwaka 1769 alitoa tangazo kwenye gazeti la Virginia Gazette anamtafuta Sandy, umri kama 35, fundi viatu, anatumia zaidi mkono wa kushoto, useremala mdogo mdogo anauweza, mlevi, ameondoka na farasi mweupe na vifaa vyake vya kushonea viatu. Jefferson alitaka arudishiwe mtu wake tu. Mimi nikisoma namuona Sandy. Mtu anayekimbia roho mkononi halafu anabeba vifaa vya kazi, yaani huyo kashapanga huko aendako atakula nini. Ulevi sijui, hapo anasema bwana aliyekimbiwa, na aliyekimbiwa ana hasira zake.

Sensa ndiyo inauma. Ya 1850 na ya 1860 zilikuwa na kurasa za watumwa peke yao: jina la mwenye mali, chini yake umri, jinsia, rangi, mstari kwa mstari, na majina hakuna isipokuwa sehemu chache sana. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. (Na sisi wa pwani tusijifanye hatuwajui, ile nguo ya merikani iliyokuwa ikishushwa Unguja miaka hiyo ilifumwa viwanda vya kwao kaskazini, na pamba ya viwanda vile walichuma watu hawa.) Majina yao wengi yanaanza kuonekana sensa ya 1870, ndiyo maana Mmarekani mweusi akitafuta ukoo wake anagonga ukuta mwaka huo.

Haya, uraia. Katika karatasi alizopewa lazima ipo hukumu ya Dred Scott, mtumwa aliyekwenda mahakamani kudai uhuru wake, ya tarehe 6 Machi 1857. Jaji mkuu Roger Taney alisema mtu mweusi wa asili ya Afrika, awe mtumwa awe huru, si raia na hawezi kuwa raia, kwa sababu eti walioandika katiba 1787 hawakumhesabu. Sasa mtoto asiishie hapo, aiweke hukumu hiyo kando ya karatasi nyingine. Kwenye kesi hiyo hiyo jaji Benjamin Curtis alipinga, na hakupinga kwa maneno matupu, alifungua sheria za majimbo akaonyesha kwamba New Hampshire, Massachusetts, New York, New Jersey na North Carolina weusi huru walikuwa na haki ya kupiga kura hata kabla ya katiba, kwa hiyo baadhi yao walikuwemo kwenye hao "sisi watu", maneno yanayoifungua katiba yenyewe.

Halafu kuna vyeti vya mabaharia, mimi hivi ndivyo navipenda kuliko vyote. Kwa sheria ya 1796 maofisa wa forodha waliwapa mabaharia cheti kwamba huyu ni raia wa Marekani, ili manowari za Waingereza zisiwakamate kwa nguvu. Na mabaharia weusi walipewa! Douglass alitoroka Baltimore 1838 kwa cheti cha kuazima cha namna hiyo, maelezo hayakufanana naye kabisa, lakini mkaguzi wa treni aliona picha ya ndege tai, nembo ya serikali, juu ya karatasi akapita. Kwa hiyo Taney anasema haiwezekani, wakati serikali yake ilishagonga mihuri miaka 60. Marekebisho ya 14 ya katiba yalikuja kumaliza ubishi 1868, aliyezaliwa pale ni raia.

Kitu kimoja zaidi, mwambie atafute neno mtumwa kwenye katiba ya 1787. Hatalipata. Wameandika "watu wengine wote", na hao kila watano wakahesabiwa watatu ili mabwana zao wapate viti vingi bungeni. Utumwa umetajwa kwa jina mara ya kwanza 1865, kwenye marekebisho ya 13, siku unapigwa marufuku.

SWALI: Kwani watumwa wenyewe hawakuacha karatasi yoyote? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Waliacha nyingi tu. Kati ya 1936 na 1938 wazee zaidi ya 2,300 waliozaliwa utumwani walihojiwa, ila wengi wa waliohoji walikuwa wazungu, na mzee wa kusini enzi zile alijua la kusema mbele ya mzungu na la kumeza, usome ukijua hivyo. Mimi ningeanza na matangazo ya baada ya vita, kwa mfano kwenye gazeti la Christian Recorder la Philadelphia, mama anatafuta watoto wake waliouzwa. Anataja jina la mtoto, halafu jina la bwana aliyemuuza, na la aliyemnunua kama analijua, maana anwani nyingine ya mtoto hakuwa nayo.