Je, maradhi ya moyo ni ya matajiri?

SWALI: Daktari, habari. Nina miaka 52, nauza omena soko la Kibuye, Kisumu. Juzi presha yangu ilisoma 168 kwa 102. Majirani wanasema moyo ni ugonjwa wa wenye magari na nyama choma, na kwamba Wazungu ndio wanaokufa zaidi. Ni kweli? Nikianza tembe za presha, nitaziacha lini?

JIBU: Mama, majirani wamekosea, ingawa naona walikotoa wazo hilo. Utafiti wa PURE, uliochapishwa mwaka 2014, ulifuatilia watu zaidi ya 150,000 katika nchi 17 kwa miaka 4 hivi. Kwa mambo yanayoleta hatari, kama kolesteroli na unene, nchi tajiri ziliongoza. Lakini kati ya kila watu 100 waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au moyo kushindwa kazi, nchi tajiri zilipoteza kama 6 au 7, na nchi maskini 17. Hatari yao ilikuwa ndogo, na bado walizikwa wengi zaidi.

Tofauti kubwa iko kwenye matibabu. Watafiti haohao walionyesha mwaka 2011 kwamba katika nchi maskini, watu 80 kati ya 100 waliokwisha kuugua moyo au kiharusi hawakutumia hata dawa moja kati ya zile kuu za kuzuia usirudi. Nchi tajiri walikuwa 11. Na hizo ni dawa za zamani: aspirini, za kushusha presha, za kolesteroli. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha.

Hata ndani ya nchi moja ngazi zipo. Watumishi wa serikali wa London walianza kuchunguzwa mwaka 1967, wote wana mshahara na matibabu ya bure. Wanaume wa vyeo vya chini walikufa kwa moyo karibu mara 3 ya wakubwa wao, na sigara na presha hazikutosha kueleza pengo lote. PURE nayo iliona mwaka 2019 kwamba elimu hutabiri vifo vizuri kuliko mali. Kwa maoni yangu si hoja ya akili. Aliyesoma mara nyingi ana kazi inayomruhusu kwenda kliniki. Wewe ukienda, omena hailali sokoni ikisubiri, na siku ya mauzo imepotea. Kwa hiyo omba dawa ya miezi 2 kwa safari moja, na uulize dawa isiyo na jina la kampuni. Amlodipini, kwa mfano, ni tembe moja kwa siku na bei yake ni nafuu.

Usitegemee kipimo kimoja. Rudia siku nyingine: kojoa kwanza, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi. Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Wahudumu wa afya ya jamii wengi wana mashine, waulize wanapopita mtaani. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, usichelewe kumwona daktari.

Kuhusu kuacha: presha ikisoma 120 kwa 80 ukiwa kwenye tembe, hiyo ni kazi ya tembe. Ukiziacha hupanda tena, kimya kimya, bila kichwa kuuma. Wanaoniumiza roho zaidi ni wanaokata tembe nusu, au kumeza siku moja na kuruka moja ili zifike mwisho wa mwezi. Pesa zikikosekana, rudi useme. Daktari anaweza kubadilisha dawa.

Jambo la mwisho. Kifua kikibana, jasho jembamba likitoka, au pumzi ikikatika bila sababu, watu husema ni vidonda vya tumbo na kunywa maziwa. Tafuna aspirini ya miligramu 300 kama haikudhuru na hutoki damu, kisha nenda hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, saa hiyohiyo. Lakini mdomo ukipinda au mkono ukilegea upande mmoja, usimeze aspirini: huenda ni damu imevuja kichwani, na picha ya kichwa ndiyo itakayoamua.