Nani anayeelezwa na neno “sorry”?

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni mtembeza watalii katika Mji Mkongwe wa Unguja. Siku moja ya masika, mvua ikiwa ndiyo kwanza imeanuka, mgeni wangu mmoja, bibi wa makamo kutoka Uingereza, aliteleza kwenye ngazi ya nyumba moja ya kale huko Shangani akaanguka kwa goti. Nikamkimbilia huku nikisema “Sorry, sorry!” Alinitazama kwa mshangao, akanambia kwamba kosa si langu, kwani ngazi ile sikuijenga mimi. Tangu hapo nina wasiwasi na neno hili, nami hulitumia kutwa nzima. Je, nilikosea? Na je, “sorrow” na “sore” ni ndugu zake? — Mtembeza watalii, Shangani.

JIBU: Waalaykum salaam, kijana wangu. Adabu yako ilikuwa kamili. Kilichokuponyoka ni kwamba ulisema pole kwa neno la Kiingereza, na mgeni akasikia samahani.

Tuanze na sarufi, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo. “Sorry” ni kivumishi, na Mwingereza anaposema “I am sorry” anaieleza hali ya moyo wake mwenyewe, kama vile angesema kwamba ana njaa au amechoka. Hata ukilitamka peke yake, kama ulivyofanya wewe, mwenye lugha hulijazia mwenyewe yale maneno mawili ya mwanzo yaliyoachwa. Pole nayo ina asili ya kivumishi, kile kile tunachokipata katika mpole na wapole, lakini inamwelekea msikilizaji. Angalia kinachotokea watu wanapozidi: wakianguka watatu utasema poleni, na wanaotoa pole wakiwa kumi neno halitikisiki. Kwa Kiingereza ni kinyume chake, kwani wanaosikitika wakiwa wengi ndipo “I am” inapogeuka “we are”, na aliyeanguka hana athari yoyote katika sentensi. Lugha moja inamtazama aliyeumia, na nyingine inamtazama anayesema.

Ndiyo maana mzee aliyekaa barazani Mkunazini anaweza kumwona kijana ng'ambo ya njia akidondokewa na kapu la maembe, akampigia sauti “Pole mwanangu!” bila hata kuinuka, na kijana akajibu “Nishapoa” huku akiokota maembe yake, wala pasiwe na mtu anayedhani kwamba mzee amekiri kulisukuma kapu. Kosa lina maneno yake mbali: samahani, nisamehe, niwie radhi, na kumradhi unapotaka kupita katikati ya watu. Kiingereza kimeyarundika mengi ya haya juu ya neno moja. Mwingereza husema “sorry” akikukanyaga, na ukimkanyaga wewe pia huenda akalisema; husema “sorry” anapokupita kwenye njia nyembamba, na akilipandisha sauti mwishoni huwa anakuomba urudie maneno ambayo hakuyasikia.

Hata hivyo, maana ya pole imo ndani ya neno hilo, ila inahitaji kufunguliwa. Ukisema “I am sorry to hear that” kwa mtu aliyekupa habari za ugonjwa au msiba, hakuna atakayekudhania una hatia. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: jaribu kuweka “I apologise” mahali pa “I am sorry”. Ikikubali, umeomba samahani. Ikikataa, umetoa pole. Huwezi kusema “I apologise” kwa kifo cha babu wa mtu, isipokuwa umemuua wewe. Cha ajabu ni kwamba neno hilo la pili lina asili ya Kigiriki, na kwa Wagiriki wa kale lilikuwa hotuba ya kujitetea mahakamani, jambo ambalo liko mbali sana na kuomba radhi.

Usimwone mgeni wako mkaidi, kwa sababu kwao mpaka huu umewahi kuwashughulisha hata watunga sheria. Kwa hofu kwamba aliyesema “sorry” baada ya ajali angeonekana amekiri kosa, sheria ya fidia ya Uingereza ya mwaka 2006, katika kifungu cha 2, inaeleza kuwa kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Mwaka huo huo jimbo la British Columbia nchini Kanada lilipitisha sheria mahsusi ya namna hiyo. Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo akisikia “sorry” mbili mfululizo kutoka kwa asiye na kosa, lazima ashangae kidogo.

Kuhusu ndugu, “sore” ni ndugu wa damu. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na “sar”, yaani maumivu au kidonda, na kutokana nalo likazaliwa “sarig”, mwenye maumivu, ambalo ndilo “sorry” ya leo. “Sorrow” limetoka kwenye shina jingine, “sorg”, lenye maana ya huzuni na fadhaa, na Wajerumani bado wanalo “Sorge” kwa maana ya wasiwasi. Hawa ni majirani wa uchochoro mmoja waliokaa pamoja hadi wakafanana sura.

Jihadhari na mambo mawili. “I feel sorry for you” si pole, ni nakuonea huruma, na ikitamkwa vibaya ni tusi. Na “sorry” ikitangulia nomino, kama katika “a sorry state”, maana yake ni dhalili au ya kusikitisha: nyumba inaweza kuwa katika hali hiyo, nayo haina moyo wa kujuta.

Pole na kazi nayo usiifasiri. Niliwahi kusahihisha barua ya mwanafunzi iliyoanza kwa “Sorry for the work”, na Mwingereza akiisoma atadhani kazi imeharibika.

Mgeni akiteleza tena, mpe mkono kwanza, kisha muulize “Are you all right?”, maana hivyo ndivyo Mwingereza angesema mahali pa pole yetu. Akishasimama mfundishe pole yenyewe, na umwambie kuwa jibu lake ni nishapoa.