Linux bila kufuta Windows

Je, ni lazima ufute Windows ili ujifunze amri za Linux, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta? Hapana, huhitaji. Kama una Windows 11, au Windows 10 toleo la 2004 kwenda juu, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika wsl --install, kisha zima na uwashe kompyuta. Utakuta Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, humo ndani, bure; njia hii ya kuendesha Linux ndani ya Windows ndiyo inaitwa WSL. Mimi ndiyo ninayotumia kazini kila siku.

Kwa mazoezi ingia OverTheWire, tovuti ya michezo ya kujifunzia, sehemu ya Bandit, kwa kuandika ndani ya Ubuntu: ssh bandit0@bandit.labs.overthewire.org -p 2220, nywila ni bandit0. (Ukiandika nywila herufi hazionekani kwenye skrini, usishtuke, malizia tu ubonyeze Enter.) Kila hatua unasaka nywila ya hatua inayofuata kwa amri kama ls, cat, find na grep. Hakuna kujisajili, na bando linaliwa kidogo sana kwa sababu yanayopita ni maandishi matupu. Video za saa nzima zitakumalizia bando na vidole havijagusa kibodi!

Ila kama unalenga usimamizi wa seva hasa, yaani kugawa diski, kurekebisha mashine iliyogoma kuwaka, weka VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Huko WSL haikufikishi.